Siku Saba za Mlalangwe

Watu kumi na mmoja walikuwa wamegeuka manjano, na dawa waliyokunywa ilitoka kwenye gome alilolikata Hoza Shemdoe kwa panga lake mwenyewe.

Hakuna aliyemlaumu. Alisoma majina yao Jumatatu saa tatu asubuhi kwenye kioo cha ukutani, pale Kituo cha Usomaji wa Mimea, akiwa na kikombe cha uji mkononi. Wote kumi na mmoja walikuwa wameugua homa ya pingu mwezi uliopita. Ni homa inayoanza kwa kukaza vifundo vya mikono, ikapanda mabegani, na siku ya tano ikishuka kifuani mtu hana pumzi tena. Wote walikunywa dawa ya mti wa mlalangwe, wote wakapona, wakarudi kupalilia viazi. Wiki tatu baadaye weupe wa macho yao ukawa rangi ya binzari. Uji ukapoa mkononi mwa Hoza, hakuunywa.

Hoza alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa moja, kupanda milima ya Usambara na kushusha mimea. Gome, jani, mzizi. Anakata, anafunga kwenye mfuko wa baridi, anajaza fomu, anashuka. Shule aliiacha darasa la sita, lakini mti aliowahi kuupita hakuusahau.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya Daktari Yustina Mringo, Mpare mmoja mwembamba ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa, na ya mashine yake waliyoiita Msomaji. Gome husagwa, hulowekwa kwenye spiriti, na maji yake hupitishwa kwenye mrija mwembamba kama unywele. Kila kemikali iliyomo hutokea upande wa pili kwa wakati wake, nyingine upesi, nyingine kwa kujivuta, na Msomaji huzipima uzito moja moja. Mwisho kioo huchora safu ya vilele, virefu na vifupi, kama milima inavyoonekana ukiwa chini Mombo. Hiyo ndiyo sahihi ya mti. Sahihi ya mlalangwe ilikuwa na vilele elfu moja na mia mbili. Vyenye majina havikufika mia.

Na kwa kuwa hakuna aliyejua ni kilele kipi kinachoponya, sheria ilitaka vitengenezwe vyote. Kila zahanati ilikuwa na Kinu, kabati la chuma la kimo cha mtu, tangu dawa za melini zilipoacha kuja. Ukikipa sahihi, Kinu kinaunda dawa kemikali kwa kemikali bila kuhitaji hata jani moja. Kinaunda kila kilichosomwa. Hakichagui.

Daktari Yustina alimwita Hoza ndani, akafunga mlango. Alikuwa ameweka vioo viwili ubavu kwa ubavu. Cha kushoto kilionyesha gome alilolileta Hoza miezi miwili nyuma. Cha kulia kilionyesha unga ambao polisi waliuchukua Jumamosi nyumbani kwa Bi Safina Mahimbo, mganga wa Kwemhanda, ule aliowapa watu wake kwa miaka hamsini bila hata mmoja kugeuka manjano.

"Mti mmoja," Daktari akasema. "Au ndivyo bibi alivyotwambia."

Safu zile zilifanana kama ndugu wa tumbo moja, ila mahali pamoja tu. Kushoto, kilele cha mia sita na kumi na mbili kilisimama juu ya wenzake. Kulia hakikuwapo. Pale pake palikuwa tambarare, na mbele kidogo vimeota vilele vitatu vifupi ambavyo kushoto havimo. Polisi walikuwa wameshatoa maelezo yao: bibi aliuficha mti wa kweli, akamwonyesha Hoza mwingine kwa makusudi. Ndiyo maana tangu Jumamosi bibi alikuwa ameshikiliwa ofisi ya kata, na watu walikuwa wameshalipiga mawe paa la nyumba yake.

Hoza alikitazama kile kilele. Hakuhitaji Msomaji kumweleza.

Bi Safina alikuwa amemfundisha vizuri. Mlalangwe haukatwi, alisema, hupigwa hodi. Unageuza panga, unaupiga kwa mgongo wake mapigo matatu mpaka gome lipasuke na kutoa machozi, halafu unaondoka. Unarudi siku ya saba. Ukikuta machozi yamekauka na kuwa meusi, umekaribishwa, kata. Hoza alipiga hodi. Alipiga mara tatu kwa adabu zote, hata kofia aliivua. Kisha akakata palepale, maana mvua ilikuwa inakuja na gari la kituo lilikuwa linamngoja bondeni. Kwenye fomu, palipoandikwa "Desturi ya wenyeji imezingatiwa?", akatia alama ya ndiyo. Kwa alivyoelewa yeye, hakusema uongo. Alidhani hodi ni heshima tu. Mtu hupiga hodi kwa shemejiye huku mguu mmoja umeshaingia ndani.

Alimweleza Daktari yote hayo akitazama sakafu. Alipomaliza, Daktari Yustina akavuta kiti akakaa.

"Siku saba," akasema.

"Saba."

Daktari alieleza polepole, kama anayejisemea mwenyewe. Mti ukijeruhiwa hujitengenezea kinga, na huitengeneza kwa vitu ulivyo navyo. Kile kirefu huvunjwavunjwa, kikawa vile vitatu. Kile kirefu ndicho sumu ya ini. Waliijaribu dawa kwenye chembe za ini kwa siku tatu, nayo sumu inataka wiki tatu. Homa ilikuwa inaua na hawakuwa na subira. Hata yeye, akasema, alitia saini.

Kisha akamsogezea kibao cha dole.

Sheria ilikuwa fupi. Sahihi yenye doa hufungwa, na hufungwa kwa dole gumba la aliyekata, kwa kuwa yeye ndiye shahidi wa mti. Ikifungwa, Vinu vyote vya wilaya vinanyamaza papo hapo, na havizungumzi tena mpaka sahihi mpya isomwe. Sahihi mpya ilitaka gome bichi lililongojewa siku saba na kukatwa na shahidi; unga wa bibi, usio na shahidi, haukukubalika. Dawa nyingine ya homa ya pingu hapakuwa.

"Ukiweka dole, siku saba hakuna dawa," Daktari akasema. "Homa inaua mmoja katika kumi. Hiyo naijua. Usipoweka, wataendelea kunywa. Kumi na mmoja ni manjano, hajafa hata mmoja. Hiyo siijui itaishia wapi."

"Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

"Mimi sikukata mti, Hoza."

Kibao kilikuwa kinawaka taa ndogo ya kijani. Hoza alipiga hesabu jinsi alivyoweza. Mmoja katika kumi ni maiti, na manjano bado ni manjano tu. Hesabu ilikuwa wazi. Lakini chini ya hesabu hiyo palikuwa na kitu kingine, nacho alikifahamu: siku saba za kutotajwa jina. Siku saba za kupita sokoni bila kunyooshewa kidole. Alijaribu kuzitenga sababu hizo mbili, akashindwa, kama mtu anayejaribu kutenga maji ya mito miwili baada ya kukutana.

Akarudisha mkono mfukoni. "Mti utapigwa hodi leo. Siku ya saba naweka dole."

Daktari Yustina akazima kioo cha kulia. "Basi haya uliyonieleza, utanieleza siku ya saba. Leo sijayasikia."

*

Bi Safina alikuwa kwenye benchi la ofisi ya kata akichambua maharage ya mke wa mtendaji, maana hakuzoea kukaa mikono mitupu. Mgambo aliyemlinda alikuwa amesinzia.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Alitupa jiwe moja dogo nje ya ungo. "Ulirudi siku ya saba?"

"Sikurudi."

"Nilijua. Nilipita pale siku ya tatu, nikakuta kidonda cha kukata, si cha kugonga. Nikasema labda mashine yao haina haja ya kungoja. Nikanyamaza." Akaendelea na maharage. "Hilo la kunyamaza ni langu. Lako ulibebe mwenyewe."

Hoza alikuwa na barua ya Daktari iliyosema mganga anahitajika kwa kazi ya kituo. Mtendaji aliisoma mara mbili, akasema sawa, ila jioni arudishwe, maana nje hapamfai. Wakapanda. Bi Safina alikuwa na miaka sabini na minane, na alipanda kama mtu anayekwenda kuchota maji, bila haraka, bila kusimama. Njiani waliwapita wanawake wawili waliokuwa wakichimba viazi. Walimwona bibi, wakainamisha vichwa, na mmoja akatema mate pembeni. Zamani huyo mwanamke alizalishwa na Bi Safina watoto wote wanne.

Milalangwe ilikuwa imesalia ishirini na kitu katika korongo lile, miti ya kijivu yenye gome kama ngozi ya kiwiko. Palikuwa kimya. Ndege hawatui kwenye mlalangwe. Hoza alikuwa ameliandika hilo kwenye fomu miezi miwili nyuma, sehemu ya mengineyo, wala halikumwambia kitu.

Aliuona mti aliokuwa ameukata. Kidonda chake kilikuwa kikavu, safi, chekundu kama mdomo.

Bi Safina akachukua panga, akaligeuza. Kabla ya kupiga, akauliza bila kumtazama. "Siku saba hizi, watu watakunywa nini?"

"Ileile."

Panga lilibaki hewani. Hoza alingoja matusi, na angeyapokea kwa furaha. Hayakuja.

"Na daktari wako anajua."

"Anajua."

"Haya," bibi akasema. "Sasa tumekuwa watatu."

Akapiga. Mapigo matatu, makavu, na korongo zima likaitika. Gome likapasuka, machozi yakaanza kutoka, meupe kama maziwa ya fenesi. Bibi akamrudishia panga, akaanza kushuka.

*

Jumanne majina kwenye kioo cha ukutani yalifika kumi na manne. Jumatano, kumi na tisa. Hoza alipewa kazi ya kupanga chupa stoo, akazipanga, akazipangua, akazipanga tena.

Alhamisi dada yake Sauda alimpigia simu akilia. Mumewe, Mhina Semboja, alikuwa ameamka mikono imekaza.

Mhina alikuwa Mzigua, fundi wa paneli za jua, mtu wa maneno mengi. Mzigua na Msambaa ni watani, na huyu alikuwa shemeji juu ya utani, kwa hiyo kwa miaka ishirini yeye na Hoza hawakuwa wamesalimiana hata mara moja bila kutukanana. Hoza alipofika zahanati ya Kwemhanda alimkuta amekalishwa kwenye benchi, viganja vimejikunja kifuani kama mtu aliyetiwa pingu za kweli, jasho linamtiririka, na Sauda amemshika kiuno.

"Muuguzi, huyu Msambaa asiniguse," Mhina akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Nilimnunua kwa debe la mahindi. Sasa anataka kunizika kabla sijamtumia nikamchosha."

"Mzigua akifungwa mikono, kuku wa kijiji wanalala salama," Hoza akajibu. Maneno yalitoka yenyewe, kwa mazoea.

Mama aliyembeba mtoto mgongoni alikuwa anatoka, kikombe kitupu mkononi. Akamrudishia muuguzi, akashukuru, akaenda zake. Kinu kikanguruma kidogo kikaunda kipimo kingine. Kilipolia, muuguzi akakinga kikombe. Dawa ilikuwa nyekundu kama chai ya mkandaa. Sauda akakipokea, akakisogeza mdomoni mwa mumewe.

Mhina akageuza uso.

"Ngoja, Sauda. Shemeji, wanasema hii ndiyo inayogeuza watu manjano."

"Wanasema mengi."

"Wanasema yule bibi alikuonyesha mti wa uongo."

Hoza akakitazama Kinu.

"Mimi bibi simuulizi, wala muuguzi simuulizi, yeye hutia tu anachopewa." Uso wa Mhina ulikuwa umeacha utani, na Hoza hakukumbuka lini aliwahi kuuona hivyo. "Wewe ndiye uliyekata. Nikikuuliza wewe, nimeuuliza mti. Ninywe?"

Muuguzi alikuwa anaandika, akaacha kuandika. Sauda alikuwa anamtazama kaka yake, kikombe bado mkononi.

Zilibaki siku tatu. Mmoja katika kumi. Hoza akamfikiria yule mama mwenye mtoto, ambaye kwa sasa alikuwa hajafika hata barabarani, na ambaye hakuambiwa kitu na mtu. Kumwonya Mhina peke yake kungekuwa wizi. Kuwaonya wote kungekuwa kukifunga Kinu, na mikono ya Mhina ilikuwa tayari imekaza.

"Kunywa," akasema.

Mhina akanywa yote kwa mikupuo mitatu, akakunja uso. "Chungu kama maneno ya mkwe," akasema. Utani ulikuwa umemrudia. "Nikifa, mtumwa wewe, kaburi langu uingie mwenyewe kwanza. Ulale, upime kama miguu inanyooka. Wasambaa mmezoea mashimo ya viazi."

Hata muuguzi alicheka.

Kufika Ijumaa mikono ya Mhina ilikuwa imefunguka, na Sauda alituma ujumbe wa kushukuru. Aliandika: Mungu akuzidishie, kaka.

*

Jumamosi, siku ya sita, mmoja wa wale kumi na mmoja wa mwanzo alikufa. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Ini liliacha kazi Ijumaa akiwa ubaoni, akawatapikia wanafunzi damu nyeusi.

Hoza aliiona habari hiyo saa nne asubuhi. Mlango wa Daktari Yustina ulikuwa wazi na kibao cha dole kilikuwa mezani, taa yake ya kijani inawaka. Yeye Daktari alikuwa amesimama dirishani, amempa mgongo. Sasa ile hesabu ambayo Jumatatu haikujulikana ilikuwa imeanza kujulikana. Hoza alisimama mlangoni kwa muda ambao ungemtosha mtu kumenya chungwa. Imebaki siku moja, alijiambia. Siku moja si kitu. Daktari hakugeuka. Hoza akaenda stoo.

Siku hiyo moja walikunywa watu thelathini na wanne.

Jumapili alipanda korongoni na Bi Safina. Machozi ya mti yalikuwa yamekauka, meusi, yanang'aa kama lami.

"Shikamoo, Bibi."

"Kata," bibi akasema.

Akakata. Alasiri Msomaji akachora safu yake, na kilele cha mia sita na kumi na mbili hakikuwapo. Pale pake palikuwa tambarare. Daktari Yustina akamsogezea kibao, na Hoza akaweka dole gumba. Vinu vya wilaya nzima vilinyamaza kwa dakika nne, ndiyo muda uliohitajika kubadilisha sahihi, kisha vikaendelea. Hakuna mgonjwa aliyeona tofauti. Ladha ilikuwa ileile.

Kisha akarudia kumweleza Daktari kisa chote, neno kwa neno, ili asikie. Safari hii kinasa sauti kilikuwa kimewashwa.

*

Mhina aligeuka manjano siku ya ishirini na mbili. Akafa siku ya thelathini na moja.

Kwa Wazigua na Wasambaa, msiba bila mtani ni msiba uliopungua. Mtani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, huingia kaburini akalala na kukataa kutoka mpaka abembelezwe. Mwiko ni kunyamaza. Wakati huo uchunguzi ulikuwa umeanza lakini majina ya wahusika hayajatangazwa, na watu wote pale makaburini walikuwa wakimngoja Hoza. Walimjua. Walijua miaka ishirini ya matusi yao, na kile Mhina alichosema zahanati kilishafika kila nyumba.

Hoza akashuka kaburini. Akalala chali, akanyoosha miguu. Ilienea.

Alitakiwa aseme kitu. Aseme shimo ni fupi, aseme Mzigua alikuwa na miguu kama ya mende, chochote. Juu yake aliona vichwa vimezunguka ukingo, na katikati yao Sauda, kanga imefunika mdomo. Akafungua kinywa, na kinywa kikabaki wazi. Hakikutoka kitu. Watu wakadhani anamwiga Mhina akiishiwa pumzi. Wakaanza kucheka, kwanza wawili watatu, halafu wote, kicheko cha msiba ambacho kina machozi ndani yake. Sauda naye akacheka. Hoza akabaki amelala chini mle mpaka wazee wakashuka kumtoa.

Siku kumi baadaye majina yakatangazwa. Sauda hakumpigia simu tena.

Bi Safina aliachiwa huru kwa jambo la kwanza, kuficha mti, akashtakiwa kwa la pili, kunyamaza. Alifariki kabla ya kesi. Hoza alihukumiwa miaka sita, Daktari Yustina minne. Katika korongo milalangwe ililindwa kwa uzio na kila mti ukapewa namba. Fomu za kituo zikabadilishwa. Swali la desturi likaondolewa, pakawekwa mstari mtupu ulioandikwa: Eleza walichokwambia, na ueleze ulichofanya.

Mahakamani mtaalamu kutoka mkoani alisoma hesabu, na Hoza alizisikiliza akiwa amesimama.

Waliokunywa katika siku zile saba ni watu mia mbili thelathini na mmoja. Waliogeuka manjano ni hamsini na wanane. Waliokufa ni ishirini na tisa. Kama Vinu vingefungwa Jumatatu ile, homa ya pingu ingeua, kwa kadirio, ishirini na watatu.

Hakimu aliuliza tofauti ni wangapi.

Sita, mtaalamu akasema.

Hakimu akauliza ni sita gani. Mtaalamu akasema hilo haliwezi kujulikana.

Orodha ya waliokufa ikasomwa jina kwa jina. Yule mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa wa tisa. Mhina Semboja alikuwa wa kumi na saba.